Sudoku ya kwenye simu: tatizo ni ile rangi nyekundu

Picha ya Sudoku iliyokamilika, muda umeandikwa juu yake, imekuwa kitu cha kutambia kwenye stetasi za WhatsApp hapa Mwanza, mahali ambapo zamani ungekuta mkeka wa kubeti ulioitika. Kwenye kivuko cha Kamanga, kwenye mabenchi ya stendi ya Nyegezi, kwenye foleni ya kumwona daktari, vidole vinagonga vijumba vya namba. Na kama kawaida yetu, mjadala umeshagawanyika kabla haujaanza. Kuna wanaoshangilia, wengi wao wazazi na walimu: vijana wameacha kubeti, sasa wanafanya hesabu. Kuna wanaokunja uso: simu ni simu, na kila mchezo wa namba mwisho wake ni kamari. Kambi hizi mbili zinapingana katika kila kitu isipokuwa kimoja: zote zinauzungumzia mchezo bila kuitazama programu inayouchezesha.

Hoja yangu ni hii. Sudoku yenyewe si hesabu kwa maana ya kujumlisha na kutoa, wala si kamari. Ni zoezi la kutoa sababu: namba inaandikwa pale tu unapoweza kueleza kwa nini haiwezi kukaa kwingine, au kwa nini nyingine zote haziwezi kukaa hapo. Lakini programu nyingi za bure huja zimepangwa kwa namna inayompunguzia mchezaji kazi hiyo ya kutoa sababu na kumwachia kubahatisha. Kinachofanya hivyo ni kitu kidogo sana, namba inayogeuka nyekundu mara tu ukikosea. Kijana anayecheza na nyekundu imewashwa na mwenzake aliyeizima hawachezi mchezo mmoja, hata kama fumbo lililo mbele yao ni lilelile.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: ni mraba wenye vijumba 81, mistari 9 ya kulala, mistari 9 ya kusimama, na maboksi 9 ya vijumba 3 kwa 3. Kila mstari na kila boksi lazima libebe namba 1 hadi 9, bila kurudia. Baadhi ya namba umeshapewa. Zilizobaki ni kazi yako. Wengi wanadhani mchezo huu ni wa Wajapani, kwa sababu ya jina. Ukweli ni kwamba fumbo la namna hii lilitoka Marekani mwaka 1979, kwenye jarida la kampuni ya Dell, na linahusishwa na msanifu majengo wa Indiana aitwaye Howard Garns. Japani ililichukua mwaka 1984, kupitia kampuni ya Nikoli ya Maki Kaji, ikalipa jina. Mwaka 1986 Nikoli waliongeza masharti ya kwao: namba za kuanzia zisizidi 32, na zipangwe kwa ulinganifu. Mafumbo yao yalitungwa kwa mkono. Mtunzi alikaa akafikiria njia ambayo msomaji atapita, wapi atakwama, wapi patafunguka.

Mtu aliyeibadilisha Sudoku kuwa kitu cha dunia nzima ni Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyezaliwa New Zealand. Aliona fumbo hili katika duka la vitabu Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka kama 6 kuandika programu ya kompyuta ya kulitengeneza, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuchapa mafumbo yake. Miezi michache baadaye magazeti mengine yalikuwa yamefuata, na mwaka 2006 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Lucca, Italia. Simu zetu ni wajukuu wa Gould, si wa Nikoli. Programu hujaza kwanza mraba mzima kwa namba 81 zisizogongana, kisha inafuta moja moja. Kila ikifuta, inajitatulia fumbo ili kuona kama bado lina jibu moja tu. Yakitokea majibu mawili, inairudisha namba ile na kujaribu kufuta nyingine. Kazi yote ni sekunde, na malighafi haiishi: miraba kamili inayowezekana ni 6,670,903,752,021,072,936,960.

Mashine hii haina kosa kubwa kwa upande wa wingi. Kasoro yake iko kwenye kupima ugumu. Programu nyingi za hovyo hupanga ngazi kwa kuhesabu namba za kuanzia: nyingi ni rahisi, chache ni ngumu. Hicho ni kipimo kibovu. Fumbo lenye namba 24 linaweza kuisha kwa kutazama tu, na lenye namba 30 likakudai mbinu ambazo wachezaji wengi hawajawahi kuzisikia. Kwa hiyo mtu anayejisifu kamaliza ngazi ya "mtaalamu" kwa dakika 4, muulize kwanza ni ngazi ya programu gani. Kuna pia mafumbo mabovu kabisa, yenye majibu zaidi ya moja, na hayo unaweza kuyakamata kabla hujaanza. Hesabu namba za kuanzia: zikiwa chini ya 17, achana nalo. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha, baada ya kompyuta kusaga karibu mwaka mzima, kwamba hakuna fumbo la namba 16 lenye jibu moja. Kisha angalia ni namba ngapi tofauti zimeonekana. Kama 4 na 6, kwa mfano, zote mbili hazipo popote mwanzoni, fumbo lina majibu mawili kwa uchache, maana ukimaliza unaweza kugeuza kila 4 kuwa 6 na kila 6 kuwa 4 na hakuna sheria iliyovunjwa.

Tuje kwa wanaoshangilia. Wanasema mtoto anayecheza Sudoku atapanda kwenye hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa mkiani kwa ufaulu wa kidato cha nne. Jaribu hili: chukua fumbo lolote, ondoa namba, weka samaki unaowajua soko la Mwaloni. Sangara badala ya 1, sato badala ya 2, halafu dagaa, furu, kamongo, kambale, ningu, gogogo na domodomo. Fumbo halibadiliki hata chembe. Hakuna mahali utakapojumlisha sangara na sato. Mzazi anayetegemea Sudoku imfundishe mtoto sehemu au kutafuta x anasubiri meli uwanja wa ndege. Kilichopo ni kingine, na si kidogo. Muundo wa "kwa kuwa hivi, na kwa kuwa vile, basi lazima iwe hivi" ndio huohuo unaowatesa wanafunzi kwenye maswali ya kuthibitisha katika jometri. Hapo ndipo Sudoku inapoweza kusaidia, na ndipo hapohapo simu inapoharibu, kama nitakavyoeleza.

Wengine wanashangilia kwa ajili ya wazee: eti Sudoku inazuia kusahau. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Aberdeen uliofuatilia watu 498 waliozaliwa mwaka 1936, ambao tayari walikuwa wamepimwa akili wakiwa na miaka 11. Waliozoea shughuli za kufikirisha, mafumbo yakiwemo, walikuwa na kiwango cha juu zaidi uzeeni. Lakini kasi ya kushuka ilikuwa ileile kama ya wengine. Miaka 2 kabla ya hapo, Januari 2016, tume ya biashara ya Marekani iliifanya kampuni inayotengeneza michezo ya Lumosity ilipe dola milioni 2 kwa kutangaza kwamba michezo yake inazuia kudhoofika kwa akili, bila ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo babu acheze kwa raha zake, na ni raha nzuri. Asiuziwe kama dawa.

Upande wa pili una hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu: kwamba Sudoku ni kamari. Kamari inahitaji dau, bahati na malipo. Hapa hakuna dau, hakuna malipo, na bahati haina pa kukaa, kwa sababu kila unachohitaji kujua kimewekwa mezani tangu mwanzo na jibu ni moja. Hakuna karata iliyofichwa, hakuna mpira utakaogonga mwamba dakika ya 90. Anayesema "ni namba, kwa hiyo ni kamari" angepaswa pia kukataza kalenda. Hoja ya kupoteza muda ina uzito zaidi, lakini hiyo ni hoja dhidi ya simu nzima. Ila wanaopinga wana punje ya ukweli wasiyojua kuitaja. Mchezo si kamari, lakini programu inaweza kumlea mchezaji katika tabia za kamari. Tazama inavyofanyika.

Chukua boksi la juu kushoto. Namba 7 ipo mstari wa 1, ndani ya boksi la juu katikati. Ipo tena mstari wa 2, ndani ya boksi la juu kulia. Basi kwenye boksi letu 7 haiwezi kukaa mstari wa 1 wala wa 2. Umebaki mstari wa 3, wenye vijumba vitatu: cha kwanza kina 4, cha tatu kina 9. Namba 7 inakaa cha katikati, na hakuna mjadala. Hiyo ndiyo hatua ya msingi kabisa ya Sudoku, na mtoto wa darasa la tatu anaielewa ukimwonyesha kwa kidole. Sasa kiangalie kijumba hichohicho kwa macho ya mtu aliyewasha penseli za kujijaza zenyewe, zile namba ndogo zinazoonyesha kila kinachowezekana. Ndani yake zimebanana 2, 5, 7 na 8. Anaona namba nne zinazowezekana, anasema hapa bado, anaruka. Simu imempa taarifa nyingi zaidi na imemfanya aone kidogo zaidi, maana swali lilikuwa "7 ya boksi hili ikae wapi?" na yeye ameelekezwa kuuliza "kijumba hiki kina nini?"

Akisharuka vijumba vya namna hiyo, anakwama mapema. Anatafuta mahali penye namba ndogo mbili tu, tuseme 3 na 8, anagonga 3. Ikibaki bluu, vizuri. Ikigeuka nyekundu, basi ni 8. Kwa mguso mmoja amejua jibu la kijumba, na hajui kwa nini. Programu nyingi huruhusu makosa 3, na watu hudhani kikomo hicho kinazuia kubahatisha. Piga hesabu. Ukibahatisha mara 3 kwenye vijumba vya namba mbili, uwezekano wa kukosea zote 3 ni nusu ya nusu ya nusu, yaani 1 kati ya 8. Mara 7 kati ya 8 bado uko ndani ya mchezo, na kila mguso, uwe sahihi au kosa, umekufungulia kijumba. Fumbo gumu la kawaida lina vizuizi viwili vitatu tu. Ukivivuka hivyo, vijumba vilivyobaki vinadondoka vyenyewe. Makosa 3 yanatosha kabisa kumaliza fumbo ambalo huliwezi. Na ukimaliza bahati yako, kitufe kinatokea: tazama tangazo la sekunde 30, upewe nafasi nyingine. Hapo ndipo unapoona kwa nini nyekundu huja imewashwa tangu kiwandani. Mtengenezaji wa programu ya bure hapati kitu unapokaa dakika 10 unatazama mraba bila kugusa. Anapata unapokosea na unapoomba kidokezo.

Msomaji makini ataniuliza: kujaribu na kurudi si njia halali? Wanahisabati wenyewe huthibitisha kwa kudhani jambo, kisha kuonyesha linaleta mgongano. Kweli, na ndiyo maana tofauti iko kwa anayeugundua mgongano. Ukidhani kijumba ni 3, ukafuata matokeo yake mwenyewe, mstari wa 5 ukalazimika kuwa na 6, boksi la katikati likakosa pa kuweka 1, umethibitisha kwamba 3 haiwezekani. Umefanya kazi, na unaweza kumweleza mwingine. Simu ikikuambia "siyo 3" kabla hujafuata chochote, hujathibitisha lolote. Umechungulia majibu nyuma ya kitabu, ila kitabu chenyewe ndicho kilichokufunulia ukurasa. Kwenye kijiwe cha drafti ukisogeza kete vibaya unaliwa, na wote wanaotazama wanaona umeliwa kwa njia gani, na hawatakosa kukueleza kwa sauti. Nyekundu ya simu haielezi. Inakukataza tu, halafu inakaa kimya.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kuitetea nyekundu ni ya anayeanza. Bila nyekundu, kosa la kijumba cha 12 linaweza kujitokeza kijumba cha 45. Sababu ni kwamba namba mbovu mara nyingi haigongani na kitu papo hapo. Inakaa kimya, inasukuma namba nyingine mahali pasipo pake, na mgongano unaonekana tu pale mstari au boksi fulani linapokosa nafasi ya namba moja. Anayeanza akifika hapo hajui arudi wapi, anakata tamaa, anafuta programu. Hoja hii naikubali nusu. Mafumbo machache ya mwanzo, acha iwake. Pia kuna makosa ambayo si ya kufikiri, ni ya kidole: kioo cha simu ya inchi 6.5 kina upana wa kama sentimita 6.8, gawanya kwa 9, kila kijumba kinapata milimita 7 na nusu. Kidole gumba cha mtu mzima hugusa eneo kubwa kuliko hilo, na kwenye daladala linalokata kona za Igoma huwezi kumlaumu mtu kwa kugonga kijumba cha jirani. Lakini dawa ya hayo yote ipo bila nyekundu. Programu nzuri zina kitufe cha kukagua unachobonyeza mwenyewe unapotaka, na zina kitufe cha kutendua kinachorudi hatua kwa hatua hadi pale ulipokuwa na uhakika. Kukagua mara moja mwishoni ni tofauti kabisa na kukaguliwa kila mguso.

Kwa vitendo, basi. Fungua mipangilio kabla ya fumbo la kwanza. Zima kuonyesha makosa, zima kikomo cha makosa, zima penseli za kujijaza. Saa izime pia, angalau mpaka uzoee. Saa inalipa kubahatisha zaidi kuliko inavyolipa kufikiri. Kuangaza namba zinazofanana acha kumewashwa, hakudhuru, kunaokoa macho tu. Kama programu ina njia mbili za kuingiza, chagua ya namba kwanza: unagusa 7 chini ya mraba, kisha unagusa vijumba vinavyoistahili. Inakulazimisha kuuliza swali sahihi, la namba ikae wapi. Hatari yake ni kusahau kwamba 7 bado imeshikwa ukaendelea kuimwaga kila mahali, kwa hiyo angalia kitufe kilichowaka kabla ya kila mguso.

Kisha anza na namba iliyotokea mara nyingi zaidi, ipitishe kwenye maboksi yote 9, halafu inayofuata. Ukimaliza mzunguko, nenda kwenye mistari iliyobakiwa na vijumba viwili au vitatu. Penseli itumie kwa ubahili. Thomas Snyder, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007, 2008 na 2011, anajulikana kwa mtindo wa kuandika namba ndogo pale tu namba inapobakiwa na nafasi mbili ndani ya boksi. Faida yake inaonekana haraka: vijumba viwili vya boksi moja vikibeba 3 na 8, na namba hizo mbili hazina pengine pa kukaa, basi vijumba hivyo vimefungwa, na namba nyingine zote zinafukuzwa humo. Mtu aliyejaziwa penseli na simu haoni kitu hicho, kwa sababu kila kijumba chake kimejaa vidoti vya namba kama dagaa waliomwagwa.

Vidokezo navyo viko vya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kimoja kinajaza kijumba na kunyamaza. Hicho ni nyekundu iliyovaa nguo nyingine. Kingine kinakuonyesha mstari au boksi la kutazama na kutaja mbinu, kisha kinakuachia umalizie. Programu isiyo na aina hii ya pili, tafuta nyingine, zipo tele.

Suala la bando halihitaji maneno mengi. Sudoku haihitaji intaneti hata kidogo. Fumbo zima ni herufi 81. Kinachokula bando ni matangazo, hasa yale ya video, na ndiyo yanayoleta kwenye kioo cha mtoto mikeka na mikopo ya mtandaoni ya riba za kunyonya damu. Zima data na mengi ya hayo yanatoweka, pamoja na vile vidokezo vya kulipia kwa tangazo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wavukaji wa huko hawana tena muda wa kufungua fumbo, lakini abiria wa Nansio na wale wa usiku kucha kwenda Bukoba wanalijua hili: katikati ya ziwa mtandao hukatika, na programu inayobeba mafumbo yake ndani inaendelea kama kawaida, wakati inayoyavuta kutoka mbali inazunguka tu. Ijaribu nyumbani kwa kuzima data kabla hujapanda. Na programu ya Sudoku inayoomba ruhusa ya kusoma majina ya simu, ujumbe mfupi au mahali ulipo haina sababu yoyote ya kuomba hivyo. Ikatae au iondoe.

Kwa shule, maana yake ni kubwa zaidi kuliko kwa mtu mmoja. Mwalimu anayetaka kuanzisha kikundi cha Sudoku asianze na simu, na asianze na muda. Aanze na mraba wa 4 kwa 4 ubaoni kwa wadogo, aende 6 kwa 6, kisha 9 kwa 9. Na alama zisitolewe kwa jibu, kwa sababu jibu lililojazwa halionyeshi lilipatikanaje. Kila moja ya namba 10 za kwanza iandikwe na sababu yake kwa mstari mmoja: "mstari wa 3, nafasi ya 2 ni 7, kwa sababu 7 imeshafungwa mstari wa 1 na wa 2, na nafasi ya 1 na ya 3 zimejaa." Wanafunzi watalalamika, na wale waliokuwa wa haraka kwenye simu ndio watakaolalamika zaidi, maana watagundua hawana cha kuandika. Mwalimu naye anapata kitu ambacho mtihani wa kuchagua majibu haumpi: anaona hasa hoja ya mtoto inapokatika. Wengi hukatika palepale, wanaandika "kwa sababu inaweza kukaa hapa" badala ya "kwa sababu haiwezi kukaa kwingine", na hilo linasahihishwa kwa dakika 5 likishaonekana.

Tatizo litakalojitokeza wiki ya kwanza ni kunakiliana, hasa kwenye dawati la watu watatu. Dawa yake haihitaji mashine ya kurudufu wala mafumbo mapya. Chukua fumbo moja ulilolihakiki, kisha badili namba zake: kila 1 iwe 5, kila 5 iwe 9, kila 9 iwe 1, na nyingine upendavyo, mradi namba mbili tofauti zisigeuzwe kuwa moja. Kuna njia 362,880 za kufanya hivyo kwa fumbo moja, na bado hujaligeuza ubavu wala kubadilishana mistari 2 ndani ya mkanda mmoja wa maboksi, yaani maboksi matatu yaliyopangwa sambamba. Aliyeketi pembeni akichungulia namba, anachukua namba zisizomfaa. Akichungulia sababu, itabidi aielewe kwanza ndipo aihamishie kwenye fumbo lake. Ugumu unabaki uleule kwa wote watatu, kwa hiyo hakuna atakayedai kaonewa.